Kinyaa Si Hakimu: Nyama Mbichi, Senene na Historia ya Ulaji

Mwaka 1790 msafiri wa Kiskoti, James Bruce, alichapisha vitabu vitano kuhusu safari yake ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amefika Gondar, makao ya wafalme wa Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, akaishi karibu na baraza lao na kuandika mengi juu ya vita, dini, miti na nasaba za nchi hiyo. Katika yote aliyoyasimulia, hakuna kilichowaudhi wasomaji wa London kama habari za ulaji. Bruce alieleza kwamba Wahabeshi hula nyama ya ng'ombe mbichi, tena huila watu wa heshima, karamuni, na kwamba njiani aliwaona watu wakikata mapande ya nyama kwa ng'ombe aliye hai. Walimcheka, wakamwita mwongo, na jina lake lilikuwa bado limechafuka alipofariki mwaka 1794. Wasafiri waliofika Uhabeshi baada yake waliikuta desturi ya nyama mbichi palepale alipoiacha, na hadi leo ipo. Hao waliomcheka walikuwa wakazi wa mji ambamo chaza wabichi, wakiwa bado hai ndani ya makombe yao, waliuzwa mitaani na kuliwa na matajiri na maskini. Waliona uchafu katika sahani ya Gondar na hawakuona lolote katika sahani zao.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye hoja ninayotaka kuitetea. Kinyaa, ile hali ya tumbo kuchafuka na uso kukunjamana mbele ya chakula cha wenzetu, hutujia kwa nguvu kiasi kwamba tunakidhani ni sauti ya maumbile. Historia haikubaliani nasi. Ukifuatilia nyama mbichi ya Ethiopia na senene, wale panzi wanaoliwa kandokando ya Ziwa Viktoria, utakuta kwamba kinyaa huzaliwa na malezi, hubadilika kutoka kabila hadi kabila, na mara nyingi hudhoofika na kutoweka bila sheria wala shuruti. Tena hakijui kutofautisha chakula kibaya na chakula kigeni. Kwa sababu hizo hakifai kupewa kiti cha hakimu, wala kuamua nani mstaarabu na nani mshenzi. Kazi ya kuamua kipi kinafaa kuliwa ni ya maarifa: maarifa ya mpishi, ya mganga, ya mkaguzi wa nyama na ya maabara.

Tuanze na ushahidi wa kwamba kinyaa hufundishwa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alikumbuka tukio la huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika. Mwenyeji mmoja aligusa kwa kidole nyama baridi iliyohifadhiwa ambayo Darwin alikuwa akiila, akachukizwa waziwazi na ulaini wake. Darwin naye alichukizwa kwa kuwa chakula chake kilikuwa kimeguswa na mtu asiyevaa nguo, ingawa mikono ya mtu huyo haikuonekana michafu. Wawili hao walikuwa wanakitazama chakula kimoja, kila mmoja akaona uchafu mahali pengine. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwanasaikolojia wa Kimarekani Paul Rozin na wenzake waliwapa watoto wadogo vitu mbalimbali ili waone watatia nini kinywani. Karibu theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka miwili na nusu walimtia kinywani panzi mzima. Rozin pia alionyesha kwamba watu wazima hukataa maji ya matunda yaliyochovywa mende aliyekwisha kuuliwa vijidudu vyote, hata wakihakikishiwa kuwa hayana madhara. Mtoto hajui kuchukizwa mpaka afundishwe. Mtu mzima naye, akishafundishwa, hasaidiwi na hoja peke yake.

Turudi Uhabeshi, kwa kuwa huko ndiko nyama mbichi ilikopewa hadhi kubwa. Ziko namna kadhaa za kuiandaa. Kitfo, chakula ambacho asili yake ni Waguraghe, ni nyama laini iliyokatwakatwa mpaka ikawa kama kima, ikachanganywa na samli iliyotiwa viungo na pilipili ya mitmita. Tere siga ni mapande ya nyama ambayo mlaji huyakata mwenyewe kwa kisu na kuyachovya katika pilipili. Katika karamu kuu za wafalme, zilizoitwa geber, maelfu ya askari na wakuu walikalishwa kwa zamu kulingana na vyeo vyao, wakaletewa nyama mbichi na pombe ya asali iitwayo tej. Menelik II aliendeleza karamu hizo mjini Addis Ababa, na kuketi humo kulikuwa ni kutambuliwa na mfalme. Basi anayedhani nyama mbichi huliwa na mtu aliyekosa kuni au aliyekosa akili, hajui kwamba huliwa harusini, mwisho wa mfungo mrefu wa Pasaka, na mgeni anapoheshimiwa.

Lakini Wahabeshi walijua pia kwamba nyama hiyo ina gharama yake. Tegu wa ng'ombe huingia mwilini kwa njia ya nyama isiyoiva, na wenyeji waliutambua uhusiano huo zamani sana. Wakawa na dawa: maua ya mti wa kosso, ambao mtaalamu wa mimea huuita Hagenia abyssinica, yaliyokaushwa, yakasagwa na kunywewa kwa maji asubuhi tumbo likiwa tupu. Kwa desturi watu waliyanywa kila baada ya miezi miwili hivi. Bruce mwenyewe aliueleza mti huo na matumizi yake, na katika karne ya 19 maua ya kosso yaliingia katika orodha za dawa rasmi za Ulaya. Mti wenyewe haukomei Ethiopia, kwani huota pia kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hapa tunaona jambo ambalo waliomcheka Bruce hawakuliona: jamii iliyochagua chakula chenye hatari haikuifumbia macho hatari hiyo. Iliijua, ikaipa tiba, na ikaiweka tiba ndani ya ratiba ya maisha. Tiba hiyo haikuwa kamili, maana dawa yenyewe ilikuwa kali na tegu alirudi, lakini ilitokana na uangalifu wa watu waliojua wanachokula.

Mtu ataniambia hapo kwamba nimejikaanga kwa mafuta yangu. Kama nyama mbichi huleta tegu, si kweli basi kwamba kinyaa ni kinga tuliyopewa na maumbile? Hoja hii ina uzito, na sehemu yake ni sahihi. Kuchukizwa na kinyesi, usaha na mzoga uliooza kumeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna jamii inayojulikana isiyokuwa na kinyaa cha namna hiyo. Kosa ni kuipa kinga hiyo uwezo isiokuwa nao. Tazama Ujerumani, ambako nyama ya nguruwe mbichi iliyosagwa huliwa juu ya mkate hadi leo. Mwaka 1860 daktari Friedrich Zenker wa Dresden alimchunguza binti aliyekufa na kukuta misuli yake imejaa minyoo ya trikina iliyotoka katika nyama ya nguruwe. Mwaka 1865, katika kijiji cha Hedersleben, watu zaidi ya 300 waliugua kwa sababu hiyo na 101 wakafa. Rudolf Virchow na madaktari wenzake walidai kila nguruwe akaguliwe kwa hadubini, na mwaka 1877 Prussia ikaufanya ukaguzi huo kuwa wa lazima. Wajerumani hawakuacha kula nyama mbichi kwa kuanza kuionea kinyaa. Waliifanya salama kwa kuikagua.

Sasa tazama upande wa pili, chakula kisichomchukiza yeyote. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu na kuwa na sumukuvu nyingi mno. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Walikufa kwa ugali, chakula kinachopendwa kuliko vyote nchini, kisichokunja uso wa mtu. Kinyaa kingeweza kumkimbiza mlaji kutoka kwenye sahani ya senene waliokaangwa vizuri, lakini hakikumwonya hata kidogo mbele ya sima iliyobeba mauti. Kinga inayokosea pande zote mbili haiwezi kutegemewa. Kinachotegemewa ni kukausha mahindi vyema, kupima unga, kukagua nyama na kupika kwa moto wa kutosha.

Tukiingia katika suala la wadudu, hakuna mahali pazuri pa kulitazama kama magharibi ya Ziwa Viktoria, kuanzia Bukoba hadi Masaka na Kampala. Senene huja na mvua, makundi makubwa zaidi yakishuka mwezi Novemba na Desemba, na mengine mwezi Aprili na Mei. Hutua usiku, na alfajiri kabla jua halijawapasha joto wakapata nguvu ya kuruka, watu huwaokota majanini. Kisha huja kazi ya vidole: kunyonyoa mabawa, miguu na vipapasio, kuosha, na kukaanga. Senene ana mafuta mengi, kwa hiyo huiva kwa mafuta yake mwenyewe, akiongezwa chumvi na kitunguu. Wengine hukaushwa ili wakae muda mrefu, wakapelekwa Mwanza, Dar es Salaam na kokote alikohamia Mhaya, kwa kuwa mtu wa Bukoba anayeishi mbali hutumiwa senene na nduguze. Padri Peter Mors aliandika mwaka 1958 juu ya nafasi ya mdudu huyu katika maisha ya Buhaya, nchi ya Wahaya, na kilichodhihirika ni kwamba senene alikuwa amefungamana na ndoa, zawadi na heshima ya nyumba. Nchini Buganda mke aliyemkusanyia mumewe senene alitarajia kupewa vazi jipya.

Hata hivyo si kila mtu wa huko alimla. Buganda ina ukoo wa Nsenene, na watu wa ukoo huo hawamli kwa kuwa ndiye mwiko wao. Wanawake nao, waliofanya kazi yote ya kuokota, kunyonyoa na kukaanga, kwa desturi ya Kiganda walikatazwa kuonja, kama walivyokatazwa kuku na mayai. Waliambiwa kwamba atakayekula senene atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha mdudu huyo. Huu ni ushahidi muhimu kuliko unavyoonekana. Ndani ya nyumba moja, mdudu mmoja kutoka chungu kimoja alikuwa kitoweo kwa mume na jambo la kutisha kwa mke. Maumbile ya mume na mke hayatofautiani katika uwezo wa kumeng'enya senene. Kilichowatenganisha ni amri ya jamii, na amri hiyo ilikuwa na faida kwa aliyeitoa. Katika karne ya 20, kadiri shule, dini mpya na biashara vilivyotikisa miiko ya zamani, wanawake walianza kula, na watoto wao wakazaliwa na vichwa vya kawaida. Leo wanawake ndio wanaoonekana zaidi sokoni wakinyonyoa senene na kuwauza, na anayewanyima kuonja angechekwa.

Biashara ndiyo iliyokamilisha mabadiliko hayo. Umeme ulipofika, watu waligundua kwamba senene hufuata mwanga. Siku hizi msimu ukifika, taa kali huwashwa juu ya vilima, mabati hupangwa yakiwa yameinamia mapipa, majani huchomwa ili moshi uwalevye, na senene hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Watu huajiriwa, magari hukodiwa, na madalali husubiri usiku kucha. Hapa ndipo penye jibu kwa wale wasemao kuwa wadudu ni chakula cha njaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu masoko ya Kampala ulikuta kilo ya senene ikiuzwa kwa bei ya juu kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe. Mtu mwenye njaa hanunui kitu ghali wakati cha rahisi kipo. Senene hununuliwa kwa sababu ni mtamu, na kwa sababu msimu wake ni mfupi.

Historia ya samaki katika nchi hizi inathibitisha kwamba hata kinyaa kilichoota mizizi huweza kung'oka. Wamaasai, Wakikuyu, Wasomali wa bara na jamii nyingine za wafugaji na wakulima wa nchi kavu hawakula samaki, na baadhi yao waliwahesabu pamoja na nyoka. Leo migahawa ya Nairobi inayouza samaki wa kukaanga hujaa wajukuu wa watu hao. Sangara naye, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20, mwanzoni hakupendwa na wakazi wa mwambao wa ziwa, ambao walimwona ana mafuta mengi mno. Baada ya miaka michache walimpikia njia zao, wakamzoea, na akawa biashara kubwa ya kusafirisha nje. Hakuna aliyewalazimisha watu hawa. Waliona majirani wakila na kunawiri, wakajaribu, na kile walichodhani ni maumbile kikaondoka.

Pingamizi lenye heshima kubwa zaidi ni la dini, na silijibu kwa kulipuuza. Kitabu cha Walawi, mlango wa 11, kinakataza wadudu wengi lakini kinaruhusu aina kadhaa za nzige na panzi, na Injili inamweleza Yohana Mbatizaji akila nzige na asali ya mwitu. Katika Uislamu nzige ni halali bila kuchinjwa, na Hadithi sahihi zinaeleza kwamba masahaba waliwala wakiwa safarini pamoja na Mtume. Kuhusu wadudu wengine wanazuoni wametofautiana, na wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani yetu, huwakataza kwa kuwaingiza katika vitu viovu. Damu nayo ni haramu kwa wanazuoni wote. Mwenye kushika mipaka hiyo anamtii Mola wake, na utiifu ni jambo jingine kabisa na kichefuchefu. Tena mapokeo yenyewe yanatufundisha kutenganisha mambo hayo mawili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume aliletewa dhabb, mjusi wa jangwani, akaondoa mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu, alikanusha, akaeleza kwamba mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid akamla mbele yake. Mtume hakula, hakukataza, wala hakumdharau aliyekula. Sijui mfano bora zaidi wa namna mtu mwenye kinyaa anavyopaswa kuishi na wenzake.

Wazungu walioionea kinyaa sahani ya Afrika nao wamegeuka. David Livingstone, alipokuwa Ziwa Nyasa mwaka 1861, aliona mawingu ya wadudu wadogo waitwao kungu yakipanda juu ya maji kama moshi, na wenyeji wakiwakamata usiku na kuwapika kuwa mikate. Alionja, na ili wasomaji wake waelewe, akaifananisha ladha hiyo na mayai ya samaki yanayothaminiwa Ulaya. Mwaka 1885 Vincent Holt alitoa kijitabu mjini London akiwataka Waingereza wale wadudu, na hawakumsikia. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba wadudu ni sehemu ya chakula cha watu bilioni 2, na kwamba aina zaidi ya 1,900 huliwa. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu funza wa unga na nzige kuuzwa kama chakula cha binadamu. Kile ambacho bibi wa Buhaya alichekwa kwacho sasa kinaitwa chakula cha kesho. Ni vizuri kwamba dunia imefunguka macho, lakini haki inataka kusemwe wazi kwamba maarifa haya yalitunzwa na wanawake wa vijijini, si na maabara za Ulaya.

Kushinda kinyaa hakumaanishi kutupa tahadhari, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia kila kitu kipya. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya, Ethiopia na Somalia kati ya mwaka 2019 na 2021, maeneo makubwa yalinyunyiziwa dawa, na nzige waliokwisha kupuliziwa hawakufaa kuliwa. Mtu anayedhurika kwa kamba au kaa anaweza kudhurika kwa wadudu pia. Senene waliochemshwa nusunusu na kuachwa mfukoni siku nzima huharibika kama nyama yoyote. Nyama mbichi isiyokaguliwa inaweza kubeba tegu, kimeta na vijidudu vya kuhara, na mama mjamzito na mtoto mdogo hawapaswi kupewa. Kila moja ya sababu hizi inaweza kupimwa, kuthibitishwa na kurekebishwa, na hivyo ndivyo sababu ya kweli inavyotofautiana na kinyaa. Kenya ilipotoa mwaka 2020 viwango vya ubora wa wadudu wa kuliwa, ilichukua njia iliyopitiwa na Prussia mwaka 1877.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji mambo mawili. Walimu na wazazi wasiwacheke watoto wanaotoka katika nyumba zinazokula senene, kumbikumbi au nyama isiyopikwa, maana dhihaka ya darasani imefuta maarifa mengi kuliko njaa ilivyofuta. Serikali za Afrika Mashariki nazo ziwape wauzaji wa senene kile wanachopewa wauzaji wa samaki na nyama: ukaguzi, maji safi, mahali pa kuhifadhi na soko lenye paa. Asiyetaka kula asile, na awe na amani. Lakini asiseme kwamba chakula cha mwenzake ni uchafu mpaka awe na ushahidi zaidi ya tumbo lake.